Nimeongeza sukari kwenye ORS ili mtoto ainywe, sasa anaharisha zaidi. Nifanyeje?

Mama Pacha
Habari zenu wadau. Nina mapacha, mwaka mmoja na miezi minne. Kulwa anaharisha tangu juzi, zahanati wakanipa ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki. Shida haitaki kabisa, anaitema. Jana usiku nikaitilia vijiko vinne vya sukari kwa lita, akainywa kama juisi. Tangu alfajiri choo ni maji matupu, mara sita. Bado anacheza na anakojoa. Mama mkwe anasema sukari ndiyo inayomharisha, nimpe maji ya chumvi tu. Mbona pakiti yenyewe imeandikwa ina glukosi? Nishike lipi?

Nesi Mstaafu
Pole mwanangu. Hiyo mwaga. Changanya pakiti mpya kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, usiongeze kitu. Mpe kwa kijiko, kidogokidogo. Akitapika subiri dakika 10 uendelee polepole. Kila akipata choo, robo hadi nusu kikombe. Ziwa usimnyime, chakula usimnyime, na zinki aimalize siku zote alizoandikiwa hata akipona kesho. Ukiona macho yamedidimia, amelegea, hawezi kunywa, au choo kina damu, usiulize huku, kimbia hospitali.

Dogo wa Keko
Wangu nampaga soda, anaipenda.

Nesi Mstaafu
Soda ni kosa lilelile la mwenzio, tena ina gesi.

Ticha wa Baiolojia
Mama mkwe amepatia nusu. Ngoja nieleze, maana hapa kuna kitu kizuri sana.

Kila seli ya utumbo imezungukwa na utando wa mafuta wa tabaka mbili. Chumvi na sukari huyeyuka kwenye maji, kwenye mafuta hazipenyi. Zinapita kwenye milango yake maalumu, na milango hiyo ni protini. Mlango mkuu wa glukosi kwenye utumbo mwembamba una masharti: glukosi haipiti peke yake, lazima iongozane na sodiamu mbili (sodiamu ndiyo iliyomo kwenye chumvi). Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, inakula nguvu mchana kutwa, ndiyo maana ndani ya seli sodiamu huwa chache na mlango una sababu ya kuendelea kuivuta. Sodiamu na glukosi zikishaingia, maji yanafuata.

Wazo la mlango huo lilitolewa na mwanasayansi Robert Crane mjini Prague mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu hufungulia milango ya kloridi, maji yanamwagika utumboni, lakini mlango wa glukosi na sodiamu haiugusi! ORS inapitia hapo. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akaamua kuwanywesha ORS wagonjwa wa kipindupindu. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Sasa maji ya chumvi tu: glukosi haipo, mlango haufunguki, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Sukari ikizidi: milango inajaa, inayobaki inakaa utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini. Ndiyo hayo maji matupu uliyoyaona. Lita ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi, na mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani waliipunguza makusudi. Vijiko vyako vinne vya chai ni kama gramu 16 juu ya hapo.

Mpwani
Na dafu je, ticha?

Ticha wa Baiolojia
Potasiamu nyingi, sodiamu kidogo. Anywe kwa raha zake, ORS isiachwe.

Mama Pacha
Hivyo vijiko vyangu vilikuwa vya chakula 🙈

Nesi Mstaafu
Yesu wangu. Rudi zahanati leo hii wamwangalie, na njiani endelea kumpa ile mpya.

Mama Pacha
Mrejesho: tumerudi. Wamesema hajaishiwa maji sana, tuendelee na ORS ya kawaida kwa kijiko. Tangu saa tisa choo ni mara moja, kalala. Doto naye ameanza kushika tumbo, pakiti zake ninazo. Mama mkwe nimemsomea maelezo ya ticha, kasema "si nilikwambia sukari."