Mtoto anatimiza miezi 6: unga wa lishe uliochanganywa, uji wa nafaka moja wenye dagaa, au chakula cha familia kilichopondwa?

Mama Kibirizi (Kigoma Mjini)

Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu wa kwanza anakaribia kutimiza miezi 6, na hadi leo hajaonja kitu kingine zaidi ya maziwa yangu. Kliniki wameniambia nijiandae kumwanzishia chakula cha nyongeza huku nikiendelea kumnyonyesha, na hapo ndipo ushauri wa watu wa nyumbani ulipoanza kupishana. Jirani ananihimiza ninunue unga wa lishe uliosagwa pamoja, wenye mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya na karanga. Mama mkwe anataka nipike uji wa nafaka moja, kisha niutie dagaa waliosagwa na mawese kidogo. Dada yangu aliyeolewa Buhigwe hakuhangaika na uji hata kidogo. Aliwapondea wanawe ndizi, viazi na maharage kutoka kwenye chungu cha familia, nao wamekua vizuri.

Ninaomba mnilinganishie njia hizi kwa lishe yenyewe, kwa usalama wa mtoto, na kwa gharama na muda, kwa kuwa ninauza samaki na karibuni nitarudi sokoni, ambapo mtoto atabaki na binti wa nyumbani kuanzia asubuhi.

Mwalimu wa Kasulu

Hongera sana dada kwa kumnyonyesha mtoto maziwa pekee hadi umri huo. Mimi wanangu wote wawili nimewalea kwa unga wa lishe uliochanganywa, na sababu yangu kubwa ni hiyo uliyoitaja mwishoni. Ninaingia darasani asubuhi, na anayebaki na mtoto ni binti mdogo ambaye ni rahisi kumwelekeza vijiko vya unga na kipimo cha maji kuliko kumwachia vikopo vinne na maelezo marefu. Unga ni mmoja, sufuria ni moja, na sina wasiwasi kwamba siku fulani amesahau kutia karanga.

Hata hivyo, sinunui unga ambao sijui umesagwa lini. Ninanunua nafaka mwenyewe, ninazichambua, ninaziosha na kuzianika juani, soya ninaikaanga kwanza, kisha ninapeleka mashineni kiasi kidogo. Anayenunua mfuko uliokaa dukani bila tarehe ananunua asichokijua. Kwa mzazi anayeshinda kazini, naiona njia hii kuwa inayotekelezeka zaidi kati ya zote tatu.

Muuguzi wa Mwanga (Kigoma Mjini)

Ninahudumia kliniki ya watoto, na swali hili huulizwa karibu kila siku ya mizani. Naomba nianze na kile ambacho njia zote tatu zinapaswa kutimiza, maana tusipokijua tutabaki kulinganisha majina ya unga. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma mwilini, na akiba hiyo hupungua sana anapokaribia miezi 6, ilhali maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Chakula cha nyongeza basi hakiji kumshibisha tu. Kinakuja kuziba pengo la chuma, zinki na nishati ambalo maziwa peke yake hayawezi tena kuliziba.

Jambo la pili ni ukubwa wa tumbo lake. Mtoto anayenyonya vizuri huhitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula akiwa na miezi 6 hadi 8, takriban 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na takriban 550 kuanzia mwaka mmoja hadi miezi 23. Tumbo lake hubeba kiasi cha gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, maana yake mtoto wa kilo 7 hawezi kumaliza zaidi ya gramu 210 kwa mlo mmoja. Ukimpa uji mwepesi unaonyweka, umemjaza maji, na uzito wake hautapanda hata kama unga ulikuwa na nafaka kumi. Uji wa mtoto uwe mzito kiasi kwamba ukiuchota kwa kijiko na kukiinamisha, unabaki kijikoni. Nimeona akina mama wenye unga mzuri sana ambao watoto wao hawaongezeki uzito kwa sababu hii moja, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko nyingine yoyote.

Sasa nije kwenye unga uliochanganywa, ambao mwalimu ameutetea kwa hoja nzuri ya muda. Wataalamu wa lishe hushauri tusisage nafaka na kunde na karanga pamoja, na sababu zao ninazikubali. Vyakula hivyo haviivi kwa muda mmoja: unga wa mchele huwa umeshaiva wakati soya bado inahitaji moto, na soya isiyoiva ina viini vinavyozuia mwili kusaga protini. Mafuta ya karanga nayo huufanya unga uchache mapema ukihifadhiwa. Kubwa zaidi ni sumukuvu, ambayo hutokana na ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Punje mbovu huonekana ikiwa nzima, lakini ikishasagwa huwezi kuitambua, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Tunakumbuka mwaka 2016, watu walipopoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo nafaka isagwe peke yake, na vingine viongezwe wakati wa kupika.

Bibi wa Ujiji

Wanangu, mama mkwe wa huyu binti amesema vyema, ila dagaa hawasagwi ovyo. Chagua dagaa waliokaushwa juu ya chanja au nyavu, wasiotiwa chumvi. Wale walioanikwa kwenye mchanga wa ufukweni hubaki na chembe ambazo hata ukiosha mara ngapi utazisikia menoni. Wachambue mmoja mmoja, waoshe upesi kwa maji ya uvuguvugu, waanike tena hadi wavunjike ukiwabana kwa vidole, kisha wakaange kwenye chungu bila mafuta mpaka harufu ibadilike. Hapo ndipo watwange kinuni na uwachekeche kwa chujio la chai, kwa sababu vipande vya miba vinavyobaki juu si vya mtoto mchanga. Unga unaopita chini ni laini kama poda, nao hukaa vizuri kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Usitengeneze mwingi, twanga wa siku chache.

Uji ukishaiva, tia kijiko kimoja cha chai cha dagaa, uache uchemke kidogo, kisha epua ndipo utie mawese. Mawese yasichomwe mpaka yakawa meupe kama wengine wafanyavyo kwa ajili ya kukaangia, kwa kuwa ule wekundu wake ndiyo faida yenyewe.

Muuguzi wa Mwanga (Kigoma Mjini)

Ahsante bibi. Wekundu huo ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na moto mkali huiharibu. Dagaa anayeliwa mzima, pamoja na mifupa yake, humpa mtoto protini, chuma, zinki na kalisi kwa pamoja. Mkoa wetu una bahati kwamba mawese na dagaa vyote vinapatikana hapa hapa. Hata hivyo, mawese hayafuti tone la vitamini A linalotolewa kila baada ya miezi 6 kuanzia umri huu, hilo msiliache.

Baba wa Uvinza

Nashukuru kuona mjadala huu, kwa sababu sisi akina baba mara nyingi tunaachiwa kazi ya kutoa fedha bila kuelezwa fedha hiyo inanunua nini. Kwetu unga wa muhogo ndio ulio ndani ya nyumba mwaka mzima, na mke wangu amekuwa akimpikia mtoto wetu wa miezi 8 uji wa muhogo. Je, tukiongeza dagaa, uji huo unafaa, au ni lazima tununue ulezi? Swali langu la pili linahusu chumvi. Sisi tunaishi jirani na chumvi, na mtoto huonekana kuukubali uji zaidi ukiwa na ladha.

Muuguzi wa Mwanga (Kigoma Mjini)

Ndugu yangu, muhogo ni wanga karibu mtupu. Hutoa nishati, lakini protini yake ni kidogo mno, kidogo kuliko ya mahindi au ulezi, kwa hiyo mtoto anayeutegemea peke yake hudumaa huku akionekana ameshiba. Mkichanganya unga wa muhogo na wa mahindi au ulezi, kisha mkatia dagaa au karanga zilizosagwa kila siku, uji huo utafaa na gharama haitapanda sana. Chumvi na sukari msimtilie mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Figo zake bado ni changa, na chumvi kidogo iliyomo kwenye maziwa na vyakula vyenyewe inamtosha. Ladha ataizoea, mtoto huweza kukataa chakula kipya mara kadhaa kabla ya kukikubali, na kukataa huko si dalili kwamba chakula ni kibaya.

Mama Urambo (Tabora)

Naomba niwasemee walio mbali na ziwa. Dagaa hutufikia, lakini mara nyingi wakiwa wamechakaa na wamejaa mchanga, kwa hiyo mimi nimeegemea njia ya dada wa Buhigwe. Maharage ya familia huyachemsha hadi yalainike kabisa, huchota yale ya mtoto kabla sijatia chumvi na viungo, nikayaponda na kuyapitisha kwenye chujio ili maganda yabaki, kisha nikachanganya na kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kilichopondwa na kijiko cha karanga zilizosagwa laini. Karanga hizo ninazinunua zikiwa na maganda, na ninatupa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu. Nzima simpi kamwe, kwa kuwa zinaweza kumpalia. Msimu wa maembe ukifika, humpa embe lililopondwa pamoja na maharage, maana vitamini C ya embe huusaidia mwili kukichukua chuma cha maharage, ambacho peke yake hufyonzwa kwa shida.

Njia hii haihitaji kununua chochote cha pekee. Ugumu wake ni kwamba chakula cha familia lazima kiwe kizuri chenyewe. Siku mkilala kwa ugali na mboga ya majani tupu, mtoto naye atakula hivyo.

Sasa naomba muuguzi aniondolee shaka. Mkoa wetu ni wa asali, na wazee hapa humlambisha mtoto asali tangu mapema, wakiamini inampa nguvu.

Muuguzi wa Mwanga (Kigoma Mjini)

Asali isubiri hadi mtoto atimize mwaka mmoja, hata iwe safi namna gani. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wa mtu mzima huvidhibiti, lakini ndani ya utumbo wa mtoto mchanga huzaana na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Waelezeni wazee kwa heshima na kwa sababu hiyo, wataelewa.

Nimeupenda mpango wako wa maharage na embe. Shirika la Afya Duniani hupanga vyakula vya watoto katika makundi 8, na linataka mtoto apate angalau makundi 5 kila siku: maziwa ya mama, nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, kunde na karanga, maziwa ya wanyama, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyingine. Hesabu sahani yako pamoja na maziwa yako utaona una matatu, kwa kuwa kiazi cha rangi ya chungwa na embe vyote huingia kundi la vitamini A, na yai moja pamoja na uji wa nafaka vinatimiza matano. Yai likiiva kabisa, mtoto anaweza kulipata tangu miezi 6, ingawa baadhi ya familia humzuia.

Mwalimu wa Kasulu

Hoja ya sumukuvu ni nzito na nitasaga nafaka peke yake kuanzia sasa. Lakini suala la msaidizi wa nyumbani bado lipo. Nikipika uji asubuhi na kuuweka kwenye chupa ya chai hadi mchana, je, kuna ubaya?

Muuguzi wa Mwanga (Kigoma Mjini)

Upo, mwalimu. Uji wenye dagaa au karanga ukikaa uvuguvugu kwa saa nyingi, vijidudu huongezeka bila harufu kubadilika, na kuharisha kwingi tunakokuona umri huu huanzia hapo na kwenye chupa zenye chuchu, ambazo ni vigumu kuzisafisha. Tumia bakuli, kikombe na kijiko. Ni heri binti apike kidogo kila mlo, anawe mikono kwa sabuni, na kilichobaki kisikae zaidi ya muda wa saa mbili. Unaweza kumwandalia vikopo viwili tu, cha unga wa ulezi na cha dagaa, ukamwekea kijiko cha kupimia ndani ya kila kimoja.

Ukiona uji mzito unamshinda mtoto kumeza, usiuongeze maji. Tia kijiko cha chai cha kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukakaushwa na kusagwa. Uji utalainika wenyewe ndani ya dakika chache bila kupoteza nguvu yake, kisha uurudishe motoni uchemke tena.

Mama Kibirizi (Kigoma Mjini)

Nimewaelewa wote na ninashukuru kwa moyo. Asubuhi na mchana binti atampikia uji wa ulezi wenye dagaa na mawese, kwa vikopo viwili kama ilivyoelezwa, na jioni nikirudi nitampondea mwenyewe ndizi au kiazi pamoja na maharage, na papai au embe pembeni. Je, nianze na kiasi gani? Na kwa kuwa samaki aina ya migebuka ninao kila siku, je, naweza kumpa badala ya dagaa?

Muuguzi wa Mwanga (Kigoma Mjini)

Anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula mara mbili kwa siku, ukimnyonyesha kila anapotaka, kisha uongeze taratibu hadi nusu ya kikombe cha robo lita, mara mbili hadi tatu kwa siku. Akifika miezi 9 iwe mara tatu hadi nne, na chakula kianze kuwa na vipande laini vya kutafuna. Kadi ya kliniki usiiache. Ukiona mstari wa uzito umelala au umeshuka, njoo mara moja, usisubiri tarehe.

Bibi wa Ujiji

Mgebuka mpe, mwanangu, lakini awe mbichi wa siku hiyo. Mchemshe bila kumkaanga, kisha mnyambue kwa vidole vyako mwenyewe, si kwa uma, kwa sababu kidole ndicho kinachousikia mwiba. Chukua mnofu wa mgongoni, na sehemu ya tumboni yenye miba myembamba uile wewe.