Tupeane uzoefu: mtoto alipoanza kula, mlimpa nini?

Mama Shamim, Bombo
Nianze mimi, aibu nimeiweka pembeni. Wangu wa kwanza alipopita mwaka mmoja alinona mashavu, nikawa natamba naye. Shangazi yake alipokuja akambonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki palepale. Nywele nazo zilishakuwa nyepesi, nyekundunyekundu. Kwashakoo. Na chakula nilikuwa nampa! Uji wa muhogo asubuhi, matoke na mchuzi mchana, analala ameshiba.

Hospitali ya Mulago, Kampala, pale Mwanamugimu, kitengo cha watoto wenye utapiamlo, ndiko nilikofundishwa kitobero: maharage yaliyolowekwa na kumenywa maganda, karanga za kusaga, matoke au viazi, na unga wa mukene, yaani dagaa. Unafunga kwenye jani la mgomba, unapika kwa mvuke, unaponda. Nyie wenzangu?

Mpakani, Busia
Mukene ndiyo biashara yangu, dada. Wale waliokaushwa mchangani usimsagie mtoto, hata uwaoshe mara saba meno yatakwambia. Tafuta wa kichanjani. Kaanga bila mafuta mpaka wavunjike vidoleni, twanga, chekecha, kijiko kimoja kwenye uji. Wangu aliutema kwa ile harufu. Nikatanguliza karanga siku mbili tatu, dagaa nikawaingiza kidogokidogo.

Mama Furaha, Kyangwali
Huku kambini kwa wakimbizi mgao wa chakula ulipopunguzwa nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nikiinama naona giza, viganja vyeupe. Kliniki walinipa vidonge vya damu, nami kila siku navimeza na chai. Mama mmoja tuliyepanga naye foleni ndiye aliyenishtua: chai inazuia ile chuma iliyomo kwenye vidonge isiingie mwilini! Nikahamia maji, na chungwa nikilipata. Dodo, yaani mchicha, nimepanda kwenye gunia kando ya bomba, inakunywa maji ya madumu yanayomwagika. Sinunui mboga.

Baba wa Watatu, Masindi
Mimi nilikuwa na kuku kumi na wawili. Mayai yote dukani, tunarudi na sukari na majani ya chai (hiyohiyo chai, mama Furaha). Siku moja mhudumu wa afya wa kijiji akampima kitinda mimba wangu kwa ule utepe wa mkononi, ukasimama kwenye njano, yaani ana utapiamlo. Akawatazama kuku. Akanitazama mimi. Hakusema neno, akaandika kwenye daftari lake. Sasa trei haitoki hapa mpaka watoto wachukue yao kwanza.

Mama Shamim, Bombo
Baba, umenichekesha na umenichoma. Kuna jambo nililiruka hapo juu. Nilikuwa nimeshika mimba nyingine, wakubwa wakasema maziwa yangu yatambemenda mtoto. Nikamwachisha siku moja, ghafla, na badala ya maziwa nikaweka ule uji wa muhogo.

Mpakani, Busia
Pole dada. Sasa anaendeleaje?

Mama Shamim, Bombo
Yuko P3, darasa la tatu. Mguu ule uliobonyea ndio anaopigia mpira, jana kavunja kioo cha jirani.