Komedi ya kuangalia na wazazi bila aibu, bado iko?

Kijana_Section58
Wadau habari za jioni. Niko Nakuru, mzee na mathe wametoka ocha wako kwangu mwezi huu na nimeona hatuna kitu cha kuangalia pamoja. Ukiweka hizi komedi za siku hizi hata dakika mbili hazijaisha mtu ameshataja mambo ya kitandani, mathe anakumbuka ghafla ati chai inamwagika jikoni, mzee anakohoa, mimi natafuta rimoti na kumbe mtoto ameikalia. Na zamani si tulikuwa tunaangalia Vitimbi, ile komedi ya tivi, nyumba nzima jameni, baba, shangazi, watoto wa jirani wamejaa kwa sakafu, na hakuna mtu aliwahi kuinamisha kichwa. Mzee Ojwang akiingia tu watu washaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Sasa naulizia, hizo za zamani napata wapi, na kuna ya sasa mnaweza kuweka mbele ya wakwe mkiwa na amani? Halafu mnieleze, watu walisahau kuchekesha bila uchafu ama ni sisi tumezeeka?

NyarKondele
Omera umenigusa. Sisi huku Kisumu Ojwang tulijua ni wetu kabisa, ile lafudhi yake, mtu angekuambia huyo ni Mkikuyu anaitwa Benson Wanjau mngepigana. Mama yangu mpaka alipofariki huyo mzee Julai 2015, habari zikasomwa na jina lake la kweli, bado alikuwa anasema wamechanganya watu. Na hakuwa mtu wa makelele, anaanza uongo mdogo, anauongezea mwingine wa kushikilia ule wa kwanza, unaona tu vile unaenda kumfunga na yeye haoni. Mama Kayai, Mary Khavere, yeye ndiye alikuwa na akili kwa hiyo nyumba, akinyamaza ujue mambo yameharibika.

Kwetu tivi ilikuwa moja kwa plot nzima, Great Wall ya nyeusi na nyeupe, inatumia betri ya gari, na chaji ikianza kuisha picha inajikunja kutoka pembeni mpaka Ojwang anabaki kaupande. Kuna kijana ako nje ameshika mti wa antena anauliza imeshika?? wote ndani mnapiga nduru HAPO HAPO USIGUSE. Mtu ameteseka hivyo lazima acheke bana.

Mkosoaji_Kakamega
Mulembe. Wacheni niharibu sherehe kidogo. Hizo komedi nazipenda lakini tuseme yote. Tivi ilikuwa ya serikali, VOK (Voice of Kenya) mpaka 1989 ikawa KBC, KTN ya watu binafsi ndio ikaingia 1990. Kabla ya hapo nani angethubutu kuchezea mkubwa? Kwa hivyo usafi mwingine ulikuwa tu woga. Kundi la vichekesho la Redykyulass walipokuja mwisho mwisho wa miaka ya tisini, Nyambane, KJ na Tony Njuguna, wakamuiga Rais Moi kwa tivi Moi mwenyewe akiwa Ikulu, kwetu mzee alikuwa anacheka huku anaangalia mlango. Hiyo ndiyo komedi ilinifanya nikae wima.

Ingine ni kabila. Nusu ya vichekesho ilikuwa vile mtu anaongea. Mluhya ni mpishi ama askari wa geti, anapenda kula, basi. Nilicheka na mimi, lakini nilipoenda bodingi mbali na nyumbani lafudhi hiyo hiyo ndiyo nilichekwa nayo mpaka nikaanza kunyamaza darasani. Ndio maana Papa Shirandula, yule wa komedi ya jina hilo hilo, namheshimu. Charles Bukeko, mtu wa Busia, alichukua huyo huyo askari wa geti akamfanya mwenye hadithi, amevaa suti akitoka nyumbani ndio bibi yake Wilbroda asijue kazi anafanya. Ilianza tivi ya Citizen 2007 ikaenda mpaka alipotuacha Julai 2020. Unacheka lakini unamjua huyo mtu, ni mjomba wako.

NyarKondele
@Mkosoaji_Kakamega ya kabila nakubali. Ya woga pia lakini hata woga ulitupa mambo matamu 😂

Shosh_wa_Lanet
Mimi nitawapeleka mbali kidogo. Kama wazazi hawajali kingereza weka The Carol Burnett Show, ya Marekani, CBS 1967 mpaka 1978, kipindi kimoja kina nyimbo, densi, wageni na michezo mifupi mbele ya watu ukumbini. Tafuta ile ya daktari wa meno. Tim Conway ndiye daktari mgeni kazini, Harvey Korman ni mgonjwa. Conway anajidunga ganzi mkononi, mkono unakufa unaning'inia, anajidunga tena sasa ni mguu, na Korman kwa kile kiti anajikaza asicheke anashindwa kabisa, na hiyo kucheka haikuwa ya kuigiza. Mzee wangu kingereza hana lakini alicheka mpaka akavua miwani. Kwangu hiyo ni safi kwa sababu mtu anachekesha na mwili wake mwenyewe, hajamvua mtu nguo.

Fundi_Bungoma
Kijana, Vitimbi na Vioja Mahakamani, ile komedi ya kesi za kortini, zipo YouTube vipande vipande, zingine zina chenga lakini zinaangalika, pakua usiku ukiwa na wifi usimalize bando. Za sasa jaribu zile za mchekeshaji Njugush na bibi yake, mambo ya bili na wakwe, ila angalia kwanza peke yako.

Na kwa swali lako la mwisho, mimi sioni kama ni kuzeeka. Mtu wa Vitimbi alikuwa anajua kwa chumba kimoja kuna nyanya, kuna mtoto na kuna pasta wa jirani, akaandika akiwaona wote. Huyu wa leo anaandikia mtu mmoja amejifunika blanketi na simu, ataogopa nani? Tivi yenyewe iko bize na mpira na taarifa tu. Kwa hivyo kesho anza na Papa Shirandula mapema, kabla ya taarifa ya saa moja, maana ikifika hapo mzee hatakuachia hiyo tivi tena.