Mguu wa Babu: gumzo la ukoo

Shangazi Mariamu: Mbukwenyi, wana ukoo. Babu hakulala usiku, kwani kidole gumba chake cha mguu kimevimba, kimekuwa chekundu, na hata shuka likikigusa anapiga kelele. Jirani ameshatamka kwamba amekanyaga kitu cha watu.

Kaka Yona: Shikamoo, Shangazi. Mimi naishuku nyama ya mbuzi ya kule Mnadani na zile bia za Jumamosi.

Rehema: Shikamooni nyote. Kwa jinsi tunavyowaona wodini, hilo linafanana sana na jongo, ambalo wengi huliita gauti: asidi ya yuriki, yaani taka ambayo mwili huitengeneza na figo huitoa, ikizidi kiasi cha miligramu 6.8 katika desilita moja ya damu, huweza kuganda kuwa fuwele ndogo zenye umbo la sindano ndani ya kiungo, na mara nyingi huanzia kwenye kidole gumba kwa kuwa miguu hupoa kuliko kiwiliwili. Hata hivyo, kama ana homa apelekwe hospitali leo hii, maana kiungo kilichoingiwa na vijidudu nacho huvimba vivyo hivyo.

Baba Mdogo: Ninavyo vidonge vyangu vya jongo, alopurinoli, nimtume kijana wa bodaboda avilete?

Rehema: Hapana, Baba Mdogo, naomba usivitume. Alopurinoli haitulizi maumivu ya leo. Humezwa kila siku ili asidi ishuke chini ya miligramu 6 na ibaki huko, kipimo chake hutegemea hali ya figo, na mtu akiianza kwa pupa inaweza kuchochea shambulio jingine. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa, pia msimpe, kwa kuwa Babu ana presha na figo zake hazijapimwa. Isitoshe, kidonge chake cha presha, haidroklorothiazidi, chenyewe hupandisha asidi hiyo. Asikiache kwa uamuzi wake, bali daktari ndiye aamue.

Shangazi Mariamu: Na mlenda na maharage tumnyime?

Rehema: Mwacheni ale. Apunguze maini, nyama nyekundu, pombe na soda.

Kaka Yona: Na goti la Bibi lililovimba mwaka jana, je?

Rehema: Lile walilivuta maji wakaona fuwele za kalsiamu, si za asidi ya yuriki, kwa hiyo alopurinoli isingemsaidia. Shangazi, mfungashie Babu vidonge vyake vyote anavyomeza, na majibu ya asidi yakitoka ya kawaida leo msishangilie, kwani wakati wa shambulio asidi hiyo huweza kushuka. Kipimo kirudiwe wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kuisha.