Naomba ushauri: karatasi ya dharura kwa familia zetu Marekani, ICE (maofisa wa uhamiaji) wakigonga mlango

Wakuu, naandaa karatasi ya Kiswahili ya kubandika nyuma ya mlango, hasa kwa familia za Wakongo. Ya mlangoni ni mepesi: usifungue, omba hati ipitishwe chini ya mlango, tazama nani kasaini. Hati ya jaji ina jina la mahakama. Fomu I-200 (hati ya ICE ya kumkamata mtu) husainiwa na ofisa wa uhamiaji tu, haimruhusu kuingia ndani bila ridhaa yako. Usidanganye, usisaini usichokielewa.

Kinachonisumbua ni kumtafuta mtu akishakamatwa. Mfumo wa ICE mtandaoni unataka namba A (namba ya faili la uhamiaji la mtu) yenye tarakimu 9 (zikiwa 8, tanguliza sifuri) pamoja na nchi ya kuzaliwa. Mkongo aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, huenda kaandikwa Tanzania, ndugu wanajaza Kongo, basi haonekani. Kwa jina nako, herufi moja ikipishana, patupu. Walio chini ya miaka 18 hawamo kabisa.

Mnaosaidia familia: kadi ya kijani (ya ukaazi wa kudumu) na kadi ya kazi zikitofautiana nchi ya kuzaliwa, mnaandika ipi? Au zote mbili? Na hati ya kumkabidhi ndugu watoto, jimboni kwenu wanataka muhuri wa notari au mashahidi wanatosha?