Mnunuzi anaogopa boila ya zamani: niweke mpya, nipunguze bei au niiache ilivyo?

MwenyeNyumba

Wakuu, habari za humu.

Nauza nyumba. Mnunuzi kaipenda na bei tumekaribiana, ila mkaguzi wake kaandika kwenye ripoti kwamba boila ya gesi (mtambo unaopasha maji ya nyumba nzima) ina takriban miaka 22, "imepita umri wake", na inafaa ibadilishwe. Sasa mnunuzi anataka moja kati ya mawili: nifunge mpya kabla ya kusaini, au nikate kwenye bei gharama yote ya boila mpya pamoja na ufundi.

Boila yenyewe inafanya kazi. Ni ile ya chuma cha kalibu (chuma kizito kilichomiminwa), ina moto mdogo unaowaka muda wote, inapasha radieta tisa (zile za ukutani zinazotia vyumba joto) na tanki la maji ya moto. Kasoro ninazozijua ni mbili: presha inashuka taratibu hadi inabidi niongeze maji kila baada ya wiki chache, na ikiwaka kutoka baridi inanguruma kama birika linalokaribia kuchemka. Karatasi za sevisi sina.

Nimjibu nini bila kumficha kitu na bila kutupa hela?

---

FundiRadieta

Mkuu, mkaguzi wa nyumba kasoma mwaka kwenye bamba la kiwandani, basi. Hakufungua kifuniko wala hakupima moshi. Boila za chuma cha kalibu zinazidi miaka 20 mara nyingi tu, na zisizofika huuawa na maji machafu, siyo kalenda. Kwa hiyo usibishane naye kuhusu umri. Mlete fundi wa gesi mwenye leseni, umlipe sevisi kamili, na umwambie mapema kwamba unataka ripoti yenye namba. Karatasi iliyoandikwa "imekaguliwa, iko sawa" mnunuzi ataitupa, na atakuwa na haki.

Ripoti iwe na presha ya gesi kwenye bana (kichomeo cha gesi), kipimo cha kaboni monoksidi na kaboni dayoksaidi kwenye moshi, hali ya dohani, hali ya gasketi za mlango wa bana, na presha ambayo vali ya usalama inafungukia. Na jaribio la moshi kurudi ndani lisirukwe: madirisha na milango inafungwa, feni ya jikoni inawashwa, boila inaachwa iwake dakika 5 hadi 10 ipate joto, kisha kijiti cha moshi kinashikwa kwenye mdomo unaopokea moshi juu ya boila. Moshi ukivutwa kuingia, dohani inavuta. Ukitoka kuelekea chumbani, boila inazimwa hapo hapo na habari ya bei inasubiri.

Moto wenyewe uwe wa buluu uliotulia. Ukiwa wa njano na mlegevu, au kuna masizi juu ya kifuniko, hewa haitoshi au njia za moshi zimeziba. Mara nyingi ni vumbi na kutu kati ya mapezi ya chuma, burashi inamaliza.

Sasa kasoro zako mbili. Kwa maelezo yako, naona huenda ni moja. Kila ukiongeza maji mapya unaingiza oksijeni na chokaa. Oksijeni inakula radieta na kutengeneza tope jeusi, chokaa inaganda pale chuma kinapokuwa na joto kali zaidi. Maji yaliyo chini ya ile tabaka yanachemka kwa vipovu, ndiyo ngurumo unayoisikia. Zuia presha isishuke kwanza. Ukianza na ngurumo utarudi palepale.

---

Kipimo

Naongezea kwa FundiRadieta kuhusu presha, maana hapo ndipo utakapojua kama una tatizo dogo au boila imekufa.

Angalia geji ikiwa baridi, iwe bar 1 hadi 1.5. Washa, subiri radieta zote zipate moto, uangalie tena. Ikipanda kidogo tu ni kawaida. Ikikimbilia kwenye kikomo cha vali ya usalama (mara nyingi bar 3, nyingine bar 2, imeandikwa kwenye vali yenyewe), tanki la upanuzi (chombo chenye hewa kinachopokea maji yanapopanuka kwa joto) limeishiwa hewa. Vali inafunguka, inamwaga maji nje, boila ikipoa geji inasoma chini, na wewe unaongeza. Nenda kwenye kibomba cha kumwagia nje: alama nyeupe au ya kijani mdomoni ni ushahidi tosha.

Bonyeza vali ya hewa ya tanki hilo, ile inayofanana na ya tairi. Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka, badilisha tanki. Ikitoka hewa kidogo au hakuna kitu, zima boila, toa presha ya maji hadi sifuri, ndipo ujaze hewa: kwa nyumba ya kawaida bar 0.75 hadi 1, kutegemea radieta ya juu kabisa iko juu kiasi gani. Watu wengi wanajaza bila kutoa maji, kipimo kinadanganya, wiki ijayo wako palepale. Na vali ya usalama iliyofunguka mara nyingi huwa haifungi tena vizuri kwa sababu uchafu umekaa kwenye kiti chake. Ibadilishwe pamoja na tanki.

Kama geji haipandi kupita kiasi lakini bado inashuka, kuna uvujaji. Boila ikiwa imezimwa kabisa na imepoa, funga vali mbili za kuitenga (ya maji yanayotoka na ya yanayorudi), weka alama kwenye geji, acha usiku mzima. Geji ikiwa upande wa boila na ikashuka, maji yanapotea kwenye boila au vali yake. Isiposhuka, tafuta kwenye mabomba na nati za radieta. Fungua vali zote mbili kabla ya kuwasha tena.

Ufa kwenye chuma cha kalibu ndiyo habari mbaya pekee. Hapo usitengeneze.

---

BiHati

Upande wa mazungumzo. Anachoomba mnunuzi ni kikubwa mno: ametazama nyumba yenye boila ya miaka 22, akatoa bei akiwa ameiona, sasa anataka ulipie ya mwaka sifuri. Lakini usimjibu kwa hasira, hofu yake ni kununua gharama asiyoijua. Mpe namba.

Tafuta kotesheni mbili au tatu za boila mpya, na hakikisha zina kila kitu. Boila za kisasa zinazonasa joto la moshi zinatoa maji yenye asidi, kwa hiyo zinahitaji bomba la plastiki la kuyatoa hadi kwenye mfereji. Dohani ya zamani haifai bila bomba jipya ndani yake au njia mpya ya ukutani. Bomba la gesi huenda ni jembamba. Kuna kusafisha mfumo, kichujio cha sumaku, dawa ya kuzuia kutu, kuondoa boila ya zamani. Kotesheni isiyotaja haya ndiyo inayoleta ugomvi baadaye.

Kufunga mpya mwenyewe kabla ya kuuza sikushauri, labda boila ifeli usalama. Muuzaji ananunua ya bei rahisi, mnunuzi analijua hilo, na huenda yeye alikuwa anataka pampu ya joto (mtambo wa umeme unaovuta joto kutoka nje) au boila ya ukubwa tofauti. Unalipa yote na husifiwi.

Ripoti ikiwa safi, mpe punguzo la sehemu ya kotesheni. Mnabishania asilimia, siyo kama boila itakufa kesho. Akikataa, kiasi mlichokubaliana kishikwe na wakili kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba: boila ikishindwa kutengenezeka ndani ya muda huo pesa inaenda kwake, isiposhindwa inarudi kwako. Neno "kushindwa" lielezwe. Kihisi cha moto mdogo kikifa, hiyo ni spea ndogo ya kubadilisha siku hiyo hiyo, siyo kufa kwa boila.

---

MwenyeNyumba

Asanteni. Maswali mawili. Nikisafisha mfumo wote kwa mashine ya presha kabla hajaja tena? Na bomba la moshi lina kiungio kilichofungwa kwa kitu cheupe kikavu, kama kamba. Nikikwangue nipake rangi?

---

FundiRadieta

Usikiguse! Kwenye nyumba za zamani kamba nyeupe ya namna hiyo inaweza kuwa na asbesto (nyuzi za madini za kuzuia joto). Ikitulia haina shida sana, ukiikwangua vumbi lake ndilo hatari. Wenye idhini wachukue sampuli ipimwe maabara, majibu yaende kwa mnunuzi pamoja na ripoti. Rangi mpya kwenye boila kuukuu pia hapana, inamfanya mtu aulize umefunika nini.

Mashine ya presha kwenye radieta za miaka mingi ni kamari: kutu ndiyo inayoziba vitundu vidogo, ukiing'oa zinaanza kuvuja wiki ya makabidhiano. Weka dawa ya kusafishia, iache izunguke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mwaga, suuza hadi maji yatoke meupe, kisha weka dawa ya kuzuia kutu. Radieta yenye moto juu na baridi chini katikati ina tope, ing'oe uisuuze nje peke yake.

---

Kipimo

Atauliza matumizi ya gesi, usikwepe. Boila ya aina yako tuseme inageuza asilimia 70 ya gesi kuwa joto la nyumba, ya kisasa 90 ikifungwa vizuri, maana yake maji yanayorudi yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Nyumba inayohitaji joto la kWh 10,000 kwa mwaka itachoma takriban 14,300 kwa ya zamani na 11,100 kwa mpya. Weka bili zako za miezi 12 mezani, azidishe hiyo tofauti kwa bei ya gesi yeye mwenyewe.

---

BiHati

Mwandikie hivi, kwa maandishi, kabla ya tarehe ya kusaini:

"Boila ni ya mwaka [kutoka kwenye bamba]. Imefanyiwa sevisi tarehe [ ], ripoti yenye vipimo imeambatishwa. Ilikuwa inapoteza presha na kunguruma ikiwaka. Chanzo kilikuwa [ ], kimerekebishwa, risiti ipo. Kotesheni za boila mpya zimeambatishwa. Napendekeza punguzo la [ ]. Unakaribishwa kumleta fundi wako aipime ikiwa baridi na ikiwa moto."

Ile sentensi ya kasoro mbili usiifute hata kama zimekwisha. Sehemu nyingi sheria inamtaka muuzaji ataje kasoro anazozijua, na mnunuzi akija kuzisikia kwa jirani baada ya kusaini utaitwa na wakili wake. Na fundi wake akija, usiiwashe mapema. Aikute baridi.