Mikopo ya halmashauri, mbona sisi wa kijijini tunaisikia ikishaisha?

Wakuu habarini. Kikundi chetu cha akina mama tunasindika alizeti, juzi ndo tunasikia fomu za ile mikopo ya 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri zilishafungwa, kumbe vikundi vya pale mjini walitumiwa kwenye grupu la WhatsApp, sisi huku wenye simu janja ni wawili tu na bando lenyewe la kuvizia. Nyie mnapataje taarifa?

Jibu 1: Pole dada. Ile hela haina riba, 4% wanawake, 4% vijana, 2% wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na maombi siku hizi ni kwenye mfumo wa mtandaoni, sasa bibi wa kiswaswadu ataingiaje huko? Mfuateni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkomalieni.

Jibu 2: Kubandika tangazo ukutani kwa mtendaji haitoshi, nani anapita pale msimu wa kulima? Kwetu linasomwa msikitini na kanisani, hata wasiojua kusoma wanapata.

Muuliza swali: Afisa wetu anakaa km 30, nauli ya boda tu ndo mtaji wenyewe 😅 ila hilo la msikitini nalibeba.